Bahari Ilipoishiwa Sadini: Kisa cha Pwani ya Namibia

Kisa hiki ni cha wazi na kimeandikwa sana na wanasayansi wa bahari, lakini ni nadra kukikuta kikisimuliwa kuanzia mwanzo hadi mwisho mahali pamoja. Nimeondoa majina ya watu, ya kampuni na ya meli, kwa kuwa waliohusika ni wengi na wengi wao walifuata ushauri bora waliokuwa nao. Jina la mahali nimeliacha. Bila upepo wa pale na mkondo wa pale, kisa hakieleweki.

Swali ninalolifuatilia ni moja: mnyama mwindaji wa baharini akinyang'anywa samaki mdogo aliyemzoea, je, samaki mwingine yeyote atamtosha? Sisi sasa tunaweza kuona ilivyokuwa.

Mahali na wahusika

Mkondo wa Benguela hupita kando ya pwani ya magharibi ya kusini mwa Afrika. Upepo wa kusini unaovuma sambamba na pwani husukuma maji ya juu kuelekea bahari kuu, na maji baridi yenye virutubisho vingi hupanda kutoka kilindini kujaza nafasi. Karibu na mji wa Lüderitz, kusini mwa Namibia, upandaji huo ni miongoni mwa wenye nguvu zaidi duniani. Virutubisho vikifika kwenye mwanga, planktoni, yaani viumbe vidogo mno vinavyoelea majini, hulipuka kwa wingi, na maji hugeuka kijani.

Chini kuna aina nyingi za planktoni. Juu kuna wawindaji wa kila namna: pengwini wa Afrika, ganeti wa Rasi (ndege wa baharini anayejitupa majini kutoka juu), mnandi, sili (mnyama wa baharini anayenyonyesha), samaki aina ya heki, samaki wa jamii ya kolekole, pomboo, papa. Katikati, hapo zamani, karibu kila kitu kilipitia kwa samaki wadogo wa aina mbili tu, sadini na anchovi. Wanasayansi huuita mfumo wa namna hii kiuno cha nyigu. Nishati ya bahari nzima inapita mahali pembamba, na palipo pembamba ndipo pepesi kukatika.

Sadini ana sifa nne ambazo hukusanyika kwa samaki wachache sana. Ana mafuta mengi. Hutembea kwa makundi makubwa, hivyo mwindaji akimpata mmoja amewapata mamia. Hukaa karibu na uso wa maji hata mchana. Na umbo lake jembamba linapita kooni mwa ndege bila shida. Sifa ya mafuta ndiyo inayosahaulika mno. Ndege mzazi anayelisha kinda hawezi kubeba zaidi ya tumbo lake. Anakwenda, anavua, anarudi, na kila safari inamgharimu. Tumbo lililojaa samaki mkavu na tumbo lililojaa samaki wa mafuta vina uzito uleule, lakini kinda wa kwanza anadhoofika wakati wa pili anaota manyoya.

Inavyojulikana wanakula nini

Inafaa kusimama hapa kidogo, kwa sababu hoja yote inategemea jinsi tunavyojua. Hakuna anayeweza kumfuata ganeti chini ya maji siku nzima. Watafiti humsubiri kisiwani. Ganeti anayerudi kwenye kundi hunaswa shingoni kwa fimbo ndefu yenye ndoano butu, kisha huinamishwa kichwa chini juu ya ndoo. Hutapika mwenyewe. Samaki aliyemezwa mwisho hutoka mzima, magamba yakiwa bado yanang'aa. Aliyemezwa kwanza hutoka uti wa mgongo tu. Samaki hupangwa, hutambuliwa, hupimwa uzito aina kwa aina, na ndege huachiwa.

Pengwini hunaswa jioni anapotoka majini, na tumbo lake husafishwa kwa mrija na maji. Kwa sili, watu huokota kinyesi. Ndani yake mna vijiwe vya sikio vya samaki, vidogo kama punje, ambavyo tumbo haliviyeyushi kwa urahisi. Kila aina ya samaki ina umbo lake la kijiwe, na ukubwa wa kijiwe hukadiria ukubwa wa samaki aliyeliwa. Kwa njia hizi, zikirudiwa mwaka baada ya mwaka, watafiti wamepata kumbukumbu ya mlo ambayo inaonyesha mabadiliko ya bahari kwa namna ambayo takwimu za bandarini peke yake haziwezi kuonyesha. Sampuli za ndege wa visiwa vya Namibia za miaka ya 1950 zilitawaliwa na sadini. Baada ya hapo mambo yakabadilika.

Mfuatano wa matukio

Ndege wa visiwa hivi walikwisha kuonja madhara ya binadamu kabla. Katika miaka ya 1840 meli zilimiminika kisiwa cha Ichaboe kuchukua guano, kinyesi cha ndege kilichorundikana kwa karne nyingi, ili kiwe mbolea. Kisiwa kikakwanguliwa hadi mwamba. Pengwini, aliyezoea kuchimba shimo la kutagia ndani ya guano, akabaki kutaga juani. Nalitaja hili mapema kwa sababu litahitajika kwenye uchambuzi.

Uvuvi wa viwandani wa sadini ulishika kasi kwenye bandari ya Walvis Bay baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Eneo lilikuwa chini ya utawala wa Afrika Kusini. Nyavu za kuzungushia zilizingira kundi zima kwa mara moja. Sehemu ya samaki ikawekwa makoponi, na sehemu kubwa ikasagwa kuwa unga wa samaki na mafuta. Katika miaka ya 1960 zikaongezeka meli kubwa za kiwanda, zilizosindika samaki nje ya mipaka ya pwani na nje ya mgao, yaani kiasi kilichoruhusiwa kuvuliwa, wa viwanda vya nchi kavu. Mwaka 1968 sadini waliovuliwa walifika takriban tani milioni 1.4.

Baada ya hapo kiasi kikaporomoka ndani ya miaka michache. Kilijiinua kidogo katikati ya miaka ya 1970, kisha kikaanguka tena mwishoni mwa muongo huo. Wakati huohuo mashua ziliwageukia anchovi, nao wakapungua.

Namibia ilipata uhuru mwaka 1990 na kuchukua udhibiti wa maji yake hadi maili 200 za baharini. Sadini walionekana kurudi kidogo. Mwaka 1994 maji yenye oksijeni haba yalienea kwenye rafu ya bahari, yaani sakafu ya kina kifupi karibu na pwani, na mwaka 1995 maji ya joto kutoka kaskazini yakaingia. Sili walikufa kwa njaa kwa wingi, hasa watoto, na sadini wakapungua hadi karibu kutoonekana. Mwaka 2002 mgao wa sadini uliwekwa sifuri, kisha ukafunguliwa tena. Mwaka 2018 serikali ilisimamisha uvuvi wa sadini kwa miaka 3. Kutoka uhuru hadi leo, kiasi cha sadini waliovuliwa kwa mwaka hakijafika hata moja ya kumi ya kile cha 1968.

Maamuzi, na kwa nini yalifanywa

Uamuzi wa kuongeza mgao katika miaka ya 1960 hauhitaji maelezo marefu. Samaki walikuwa wengi, viwanda vilikuwa vimejengwa, bei ya unga ilikuwa nzuri. Kila aliyezuiwa aliweza kuonyesha kidole kwa meli za kiwanda zilizokuwa zikivua nje bila kizuizi kama hicho, akasema akiacha yeye watachukua wao. Sadini pia humdanganya mvuvi. Wakipungua hawatawanyiki, hujikusanya kwenye makundi machache yaleyale mazito. Mashua inaendelea kujaza nyavu mpaka karibu na mwisho, na mavuno ya siku hayaonyeshi hatari.

Uamuzi wa pili ndio unaonivuta zaidi. Sadini walipoanguka, hoja ilikuwa hivi: sadini na anchovi wote hula planktoni, kwa hiyo ni washindani. Anchovi wakipunguzwa, chakula kitabaki kwa sadini, na sadini watarudi. Uvuvi wa anchovi ukahimizwa kwa makusudi. Kwenye karatasi hoja ile haina kasoro ya wazi, na nimeona wanafunzi wazuri wakiifikia wenyewe wanapopewa mchoro wa mfumo huu bila kuambiwa mwisho wake.

Kasoro iko kwenye kile ambacho mchoro haukuwa nacho. Waliouchora waliwaweka walaji wawili wa planktoni, wakasahau kwamba kuna walaji wengine waliokuwa wakisubiri nafasi. Wakaondoa wa kwanza kwa tamaa na wa pili kwa hesabu, na planktoni ikabaki bila mlaji wake mkuu katika maji yenye rutuba kuliko karibu pengine pote duniani.

Uamuzi wa tatu ni wa baada ya uhuru. Serikali mpya ilirithi bahari iliyokwisha kukwanguliwa, na viwanda vya pwani vilivyoajiri watu wengi. Kufunga kabisa kungewatupa watu hao mitaani katika nchi changa. Kwa hiyo mgao ulipunguzwa bila kufutwa, ukipanda samaki walipoonekana na kushuka walipopotea. Siwezi kumlaumu kwa wepesi aliyekaa kwenye kiti kile. Lakini sadini waliobaki walikuwa wachache kiasi kwamba kila uvuvi, hata mdogo, ulichukua sehemu kubwa ya wazazi waliokuwa wametegemewa kurudisha kizazi.

Matokeo

Nafasi ilijazwa na yavuyavu. Aina mbili kubwa, Chrysaora fulgida na Aequorea forskalea, ziliongezeka hadi kupasua nyavu na kuziba mashine zinazonyonya mchanga wa almasi baharini. Utafiti wa meli uliofanyika mwaka 2003 ulikadiria tani milioni 12.2 za yavuyavu katika eneo lililopimwa, dhidi ya tani milioni 3.6 za samaki. Yavuyavu hula planktoni ileile, na juu ya hapo hula mayai na vifaranga vya samaki. Mwili wake ni maji matupu karibu wote. Wapo wanaoweza kuishi kwa kumla, kama kasa aina ya noa, lakini si pengwini, si ganeti, si sili.

Hapo kisa kingekuwa cha huzuni moja kwa moja, na mara nyingi husimuliwa hivyo. Lakini bahari ilikuwa na jambo lingine. Gobi mwenye ndevu, kisamaki kidogo cha chini ambacho hakuna aliyekuwa akikitazama, kiliongezeka. Mchana gobi hujilaza kwenye matope yenye harufu ya mayai viza, mahali ambapo oksijeni ni haba mno kwa heki kumfuata. Usiku hupanda katikati ya maji, akijificha miongoni mwa yavuyavu ambao samaki wengine huwakwepa. Tena anakula yavuyavu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kisamaki hiki kinarudisha kwenye mlo wa samaki na wanyama wakubwa sehemu ya chakula kilichokuwa kimepotelea kwenye yavuyavu na matope.

Heki walimla gobi. Samaki wa jamii ya kolekole walimla. Sili walimla. Mnandi wa Mercury na Ichaboe, anayezamia hadi chini, alimtegemea kabisa. Pengwini wa kisiwa cha Mercury nao waligeukia gobi, hasa gobi wachanga wanaokaa karibu na uso wa maji, wakaendelea kuishi, ingawa gobi hana mafuta ya sadini.

Ganeti hakupata njia. Ganeti huruka juu, akiona samaki hujitupa kutoka mita hadi 30, na msukumo wa kuanguka ndio unaomfikisha kwenye windo mita chache chini ya maji. Anawinda mchana, kwa macho. Gobi aliyekomaa mchana yuko chini matopeni. Akipanda, ni usiku. Wawili hawa hawakutani. Kulikuwa na tani nyingi za samaki chini ya mbawa zake na hazikumfaa. Ganeti wa visiwa vya Namibia walipungua kwa zaidi ya asilimia 90 kutoka miaka ya 1950. Wakati ule wengi wa ganeti wa aina hii duniani walizaliana Namibia. Sasa wengi wako upande wa pili wa bara, kwenye ghuba ya Algoa nchini Afrika Kusini.

Baadhi walijaribu masalio ya meli za heki, vichwa na matumbo yanayotupwa baharini. Jambo hili lilipimwa kwa makini kwa ganeti wa Afrika Kusini, na matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Ndege mzima asiye na kinda anaweza kujikimu kwa masalio. Kinda anayelishwa masalio hukua polepole, na wengi hawafiki kuruka. Mtu anayehesabu ndege wazima juu ya maji angeona hali nzuri kwa miaka kadhaa kabla hajagundua kwamba hakuna vijana wanaoingia.

Na pengwini wachanga wana balaa lao. Kinda akiacha kiota hakuna anayemwongoza. Hufuata dalili za maji baridi na ya kijani, dalili ambazo kwa maelfu ya miaka zilimaanisha sadini. Watafiti waliowafunga vifaa vya satelaiti pengwini wachanga walichapisha mwaka 2017 kwamba wengi wa makundi ya magharibi mwa Afrika Kusini huelekea kwenye maji ya Namibia. Dalili bado zipo, samaki hawapo. Kwa hesabu zao, makundi yanayoingia kwenye mtego huo ni madogo kwa karibu nusu kuliko yangekuwa kama vijana wangekwenda kwingine. Mwezi wa Oktoba 2024 shirika la uhifadhi la IUCN lilimpandisha pengwini wa Afrika hadi kundi la walio hatarini zaidi kutoweka.

Uchambuzi

Je, tuna hakika kwamba uvuvi ndio chanzo? Si peke yake. Guano iliwanyima pengwini makazi karne moja kabla. Miaka ya maji ya joto na ya oksijeni haba imewaumiza sadini mara kadhaa, na bahari inazidi kubadilika. Lakini iko kipimo kizuri jirani. Kusini, kwenye maji ya Afrika Kusini, sadini nao walianguka katika miaka ya 1960 kwa uvuvi. Tofauti ni kwamba kule anchovi hawakuondolewa ili kuwapisha sadini. Walichukua nafasi, wakaendelea kula planktoni na kuliwa na ndege, na yavuyavu hawakutwaa bahari. Sadini wa kusini walirudi kwa wingi mkubwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ingawa baadaye walipungua tena na kuhamia mashariki. Mkondo ni mmoja na kipindi ni kimoja. Kilichotofautiana zaidi ni kama kuna samaki mdogo yeyote wa planktoni aliyeachwa katikati.

Kosa la msingi, kwa maoni yangu, lilikuwa kumhesabu samaki mdogo kwa tani tu. Tani ya gobi na tani ya sadini zinaandikwa sawa kwenye jedwali. Kwa mwindaji kuna maswali matatu kabla ya uzito: yuko kina gani, yupo saa ngapi, ana mafuta kiasi gani. Mnandi alijibiwa maswali hayo kwa namna iliyomfaa, ganeti hakujibiwa hata moja. Mtu akiniambia kwamba bahari fulani bado ina samaki wengi, nauliza maswali hayo kwa kila mwindaji peke yake.

Kilichofanya kazi ni kidogo lakini kipo. Gobi hakuwa na soko, na kwa sababu hiyo hakuna aliyemvua. Hilo lilitokea kwa bahati, bila mpango, na limewabeba wawindaji kadhaa. Leo unga wa samaki unahitajika sana kwenye ufugaji wa samaki, na kila samaki mdogo asiyevuliwa anatazamwa. Uvuvi wa gobi usiruhusiwe hata kwa majaribio. Mwaka 2009 Namibia ilitangaza eneo la hifadhi linalozunguka visiwa vyake, karibu kilomita za mraba 10,000, na maji wanayovulia pengwini na mnandi wakati wa kulea yamo ndani. Hatua hiyo ilikuja ikiwa imechelewa kwa sadini, lakini kwa ndege wanaotegemea gobi ilikuja kwa wakati.

Pia tumepata kipimo ambacho mwaka 1968 hakikuwepo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulilinganisha aina 14 za ndege wa bahari kwenye mifumo 7 duniani. Samaki wadogo wakishuka chini ya theluthi moja ya wingi wao wa juu uliowahi kupimwa, uzazi wa ndege huanza kuporomoka, karibu kila mahali na kwa kila aina. Theluthi hiyo inaweza kuandikwa kwenye kanuni ya uvuvi leo. Sadini wa Namibia wako chini yake kwa mbali, na wamekuwa hivyo kwa zaidi ya nusu karne.

Kusimamisha uvuvi kwa miaka michache hakutoshi kwa samaki aliyeshuka namna hiyo, kwa sababu yavuyavu wanaokula mayai yake hawasimami. Kanuni ya kufungua tena ingepaswa kufungwa kwenye mambo mawili kwa pamoja: wingi wa sadini unaopimwa kwa meli ya utafiti, na kinachotoka kwenye matumbo ya ganeti kule Ichaboe. Ganeti wakianza tena kuwalisha makinda wao sadini, miaka kadhaa mfululizo, hapo ndipo mazungumzo ya mgao yaanze, na yaanze na mgao wa ndege.